Moto wa Bibi Sikudhani

Paukwa!
— Pakawa!
Hizo ni sauti za watu wenye njaa! Paukwa!
— Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, kijiji kimoja kilipitiwa sana na watu wa njiani: ombaomba, wasuka mikeka, wanoa visu. Walipiga hodi jioni, wakapewa ugali na mahali pa kulala jikoni. Nao walilipa kwa kazi moja, kulinda moto. Mwenyeji akikoroma, mgeni anapuliza makaa. Fuu! Fuu! Asubuhi moto uko hai.

Siku moja Jumbe Nyange, mkuu wa kijiji, akachachamaa. "Wanatumalizia chakula hawa! Atakayemlaza ombaomba, namtoza mbuzi."

Milango ikafungwa. Pa! Pa! Pa! Haukufungwa mlango wa Bibi Sikudhani, mkongwe mwenye mbuzi mmoja na ulimi mkali. Akamkaribisha Ngwali, ombaomba mwenye mguu mbovu.

"Bibi, mbuzi wako atachukuliwa."

"Na amchukue. Mbuzi hajui kupuliza moto."

Jumbe akamchukua kweli. Bibi akasonga ugali wa watu wawili.

Masika yakaja. Mvua chwa-chwa-chwa, kutwa kucha. Watu walilala fofofo, wa kupuliza hayupo. Jiko hili likazimika, na lile likazimika. Wakapekecha vijiti, vimelowa. Moto hautoki.

Asubuhi hiyo binti wa Jumbe akajifungua kabla ya wakati. Kitoto kidogo, cha baridi, kinalia kama kifaranga.

"Bila moto, Jumbe," mkunga akasema, "huyu hafiki jioni."

Jumbe akatoka nje, akatazama mapaa. Moshi ulikuwa mmoja tu. Akashika gae la chungu, akakimbia matopeni.

"Hodi! Shikamoo, bibi. Naomba moto."

"Marahaba, mjukuu wangu. Moto si wangu. Mwombe aliyeulinda."

Jumbe akasimama mlangoni, maji yanamchuruzika, gae mkononi. Aibu ilimchoma. Akamgeukia Ngwali. "Ndugu yangu, nisaidie."

Ngwali hakumcheka. Akajaza gae makaa mekundu, akafunika kwa jani la mgomba. "Kimbia, Jumbe. Kusimama mlangoni kwa mtu nakujua mimi."

Mtoto akapona. Mbuzi akarudi kwa Bibi, pamoja na mwenzake. Na mtoto, aliitwa nani?

— Ngwali!

Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hadithi yangu imeishia hapo jikoni. Anayebisha, na afunge mlango wake alale, masika yanakuja.