Maji Yasiyolala

Maji yasiyolala hayalei samaki. Mliisikia jana kikaoni, kijana yule alipotaka aozwe binti aliyemfahamu kwa siku nne, nanyi mkaangua kicheko mkidhani wazee wanatania. Hawakuwa wakitania. Waliokuwapo siku iliyotamkwa mara ya kwanza hawakucheka, na mmoja wao alikaa miaka bila kucheka sawasawa. Methali hii ilianza hivi.

Hapa mjini kwetu, huku juu mlimani, ziwa likionekana kwa mbali, aliishi Mzee Ntahondi na bintiye Skolastika. Ujanani mzee alikuwa mpiga mbizi, akikamata samaki wadogo wa mapambo wanaofugwa katika matangi ya vioo. Baadhi yao walikuwa na mistari ya njano, nao hawakupatikana popote ila kwenye mawe ya Ghuba ya Nyamiko. Kisha watu wakakata miti ya mlima ulio juu ya ghuba, mvua ikashusha udongo, ghuba ikajaa tope na samaki wale wakaisha. Waliobaki walikuwa kumi na saba tu, kwenye tangi la saruji nyuma ya nyumba ya mzee.

Mzee aliapa kwamba mawe ya Nyamiko yakitakata, atawarudisha kwao kwa mikono yake mwenyewe. Kila kiangazi aliteremka kulitazama tope, akarudi akisema linapungua. Miaka sita aliishi kwa neno hilo.

Ziwa lilikuwa mbali, bomba lilikuwa uani. Hata hivyo, maji ya bomba hayakuingia tangini siku yaliyochotwa. Mzee aliyajaza kwenye mapipa mawili, akayaacha wazi, yakapigwa jua na upepo, yakalala usiku wa kwanza, yakalala wa pili, ndipo alipoyamimina kwa kata, kidogo kidogo. Sababu hakuitaja. Alikuwa na maradhi yetu sisi wazee, kuamuru bila kueleza. Skolastika aliona ni mambo ya mtu aliyewapenda samaki kupita kiasi, lakini alitii, kwa kuwa baba ni baba.

Mwaka wa sita mzee akalazwa hospitali kwa upasuaji wa ngiri. Siku ya kuondoka alimwonyesha bintiye samaki mmoja mkubwa, mashavu yamevimba.

"Huyu ana vifaranga mdomoni," alisema. "Hawa huwalea humo wiki tatu, na mama hali kitu. Usimsumbue. Na maji yalale."

"Yatalala, baba. Nenda ukapone."

Wiki haikuisha, kipindupindu kikaingia mjini. Gari la matangazo lilipita kila mtaa: msinywe maji ya ziwa wala ya mto, chukueni ya bomba, yameongezwa dawa. Nyuma yake akaja bwana afya, mtu wa haraka na sauti kubwa, akiamuru kila chombo chenye maji yaliyotuama kimwagwe, yasije yakazalisha mbu juu ya balaa lililokuwapo. Alipoyaona mapipa ya mzee alisimama papo hapo hadi Skolastika alipoyapindua yote mawili.

Asubuhi ya kumpokea baba yake, Skolastika alilitazama tangi akaona aibu. Maji yalikuwa yamepungua na kugeuka kijani, kuta zimeota ute. Jirani yao alikuwa amezikwa juzi tu kwa maradhi yale, na hofu ya uchafu ilikuwa imemjaa. Akasema moyoni, baba ametoka kukatwa tumbo, hawezi kurudi aukute uvundo huu. Aliwahamishia samaki kwenye beseni, akalisugua tangi mpaka saruji ikang'aa, akavuta mpira kutoka bombani akalijaza. Harufu ya dawa ikampanda puani. Akaifurahia. Kwake ilikuwa harufu ya usalama.

Akawarudisha samaki wote kumi na saba.

Mara wakaanza kurukaruka, kisha wakapanda juu, midomo ikifunguka na kufungika kwenye uso wa maji. Skolastika alitabasamu. Alidhani wamechangamkia maji mapya. Walipoanza kulala ubavu, mistari ya njano imefifia, akashtuka. Akafanya kile ambacho angemfanyia mgonjwa yeyote wa siku zile: akafungua bomba na kuwaongezea maji safi.

Mzee Ntahondi aliingia uani adhuhuri, mkono mmoja tumboni. Hakukaribia sana. Harufu ilimfikia mlangoni.

"Maji haya yamelala wapi, Skola?"

"Hayajalala, baba. Bwana afya alimwagisha mapipa. Lakini ni masafi. Yana dawa."

"Dawa yetu sisi. Sisi tunakunywa kikombe. Wao wanapumua humo humo." Aliinama kwa maumivu, akashika ukingo wa tangi. "Dawa hii huwaunguza matamvua, pale wanapopumulia. Ukiyaacha maji wazi siku mbili, hupaa ikaenda zake. Ndiyo maana yanalala."

"Hukuniambia, baba! Miaka yote hukuniambia!"

Na hapo Skolastika alisema kweli.

Wakati huo samaki mama alikuwa bado hai. Alikuwa amebana mdomo, peke yake kati ya wenzake waliopinduka. Skolastika akamshika baba mkono. Mama yule akatweta mara moja, mara ya pili, na pumzi ilipomshinda akafunua mdomo, vifaranga wakatoka mmoja mmoja, wadogo mfano wa punje za mtama, wakaogelea ndani ya maji yaliyong'aa. Hawakufika mbali. Skolastika alilia kwa sauti, mikono yake bado inanuka dawa.

Mzee ndipo aliposema, polepole, wala hakumwangalia bintiye: "Maji yasiyolala hayalei samaki."

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa chache, udongo mpya haukushuka, na mawimbi yakaliondoa tope la Nyamiko. Baba na binti waliteremka pamoja. Mawe yalionekana mpaka chini, matupu. Mzee akasema, "Basi, pametakata," wakapanda mlima.

Skolastika alizeeka hapa hapa. Ukimletea jambo jema unalotaka lifanyike leo leo, hakubisha kwamba ni jema. Alikuuliza tu limelala siku ngapi. Maana maji yale yalikuwa masafi kweli, wanangu, na aliyeyatia alikuwa na upendo kweli. Maji yasiyolala hayalei samaki.