Upawa wa Kwanza wa Bi Mwanahija

Kaeni vizuri, na mwenye jibu la haraka alishikilie kwanza.

Tanga walikuwepo watu watatu, kila mmoja na ujuzi wake. Radhia aliiona mishipa mibovu ya damu ndani ya mguu kwa mashine ya picha. Daktari Semboja aliichoma kwa joto kupitia tundu la sindano, bila kupasua. Daktari Nassoro aliidunga dawa ya povu, ikanywea.

Na alikuwepo Bi Mwanahija, mjane, mpishi wa pilau za harusi. Miaka thelathini ya kusimama jikoni ilimvimbisha mishipa ya mguu wa kushoto. Ilitibiwa mara moja, ikarudi kwa ubaya zaidi, na kidonda juu yake. Watu wakaacha kumwita kwenye shughuli. Nyumba ikawa kimya, hata akikohoa anajishtua.

Alikuwa na desturi yake: upawa wa kwanza wa pilau huonjwa na mtu mmoja tu, naye ndiye husema, "Imekolea." Hapana kugawana. Mtu huyo alikuwa mumewe. Tangu afariki, Bi Mwanahija alionja mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Inauma, jamani.

Mwishowe akaenda kwa wale watatu. Radhia akapitisha kifaa mguuni, akakisimamisha nyuma ya goti. "Bi mkubwa, mshipa wenyewe huu hapa. Mara ile haukuonekana, nao ndio unaorudisha damu chini."

Semboja akauchoma. Lakini ile midogo iliyojipinda, joto halikuweza kuifuata.

Nassoro akaifuata kwa povu. Na kama ule mkubwa usingechomwa, hii ingejaa tena, mwenyewe anakiri.

Kidonda kikafunga. Bi Mwanahija akapika, akawaita wote watatu.

"Mpe Radhia," akasema Semboja. "Bila yeye ningechoma kwa kubahatisha."

"Mimi nilionyesha tu," akajibu Radhia. "Kuonyesha hakufungi kidonda."

Nassoro akacheka. "Basi nipeni mimi, nina njaa!"

Wakabishana, wakataniana. Bi Mwanahija amesimama, upawa mkononi, mguu haumuumi, pilau inapoa. Miaka mingapi nyumba hii haijasikia kelele kama hizi? Akishaamua tu, watakula, watanawa, wataaga.

Je, wewe upawa ungempa nani? Na ungempa sasa hivi, au ungewaacha wabishane kidogo?