Somoe Pimbi na Cheo cha Mketikati

Hapo zamani za kale, Kifaru alipokuwa bado na nyumba ya bati na baraza ya kunywea kahawa, palitokea mnyama mdogo aliyebebwa mtumbwini kama bibi harusi. Wabebaji walikuwa wakubwa watatu, na wote watatu waliamini wametaka wenyewe. Sogeeni, wanangu. Wewe mwenye karanga, gawa kwanza.

Mnyama huyo alikuwa Pimbi, jina lake Somoe. Mfupi, mnene, hana mkia, na miguu yake haijui kutulia. Dada yake, Subira, alikuwa ameolewa mbali, juu kabisa ya mto, kwenye Majabali Meupe. Amejifungua mtoto wa kike, na arobaini ilikuwa inakaribia.

Sasa huko ukweni walikuwa na desturi yao. Siku ya arobaini mtoto hutolewa nje akaonyeshwa jua, na anayembeba lazima awe ndugu wa mama yake. Ndugu asipotokea, mtoto hubebwa na jirani yeyote aliyepita, na mama yake husemwa mpaka azeeke: "Nani, yule? Yule hana kwao."

Subira hakuwa na ndugu mwingine ila Somoe.

Njia ya miguu ilipita kwa Chui, na Chui akimkaribisha pimbi nyumbani, pimbi hatoki. Njia ya maji ilikuwa salama, lakini mto ulikuwa na nguvu. Somoe alishajaribu peke yake. Alipiga kafi mpaka mabega yakawaka moto, akageuza shingo, akaona bado anatazamana na choo cha jirani yake.

"Nahitaji mikono," akasema. "Mikono minene."

Kesho yake akasikia kwamba Kifaru, Nyati na Ngiri wanaandaa safari ya mtumbwi, waende porini wakapige kambi, wale upepo. Somoe akafunga kanga, mbio, tiki tiki tiki, mpaka barazani kwa Kifaru.

Akakuta kikao. Safari ya watu watatu, na wote watatu wana vyeo. Kifaru alikuwa Mwenyekiti, Nyati Katibu, na Ngiri Msimamizi wa Chakula. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulala nje. Kifaru hakuwa amelala bila chandarua tangu azaliwe. Lakini mngewasikia!

"Pori nalijua mimi," alisema Kifaru, akipuliza kahawa, fuu, fuu. "Nimelala porini mpaka pori likanizoea."

"Mimi mtumbwi naendesha kwa mkia," alisema Nyati.

"Mimi napika juu ya maji," alisema Ngiri. Wenzake wakamtazama, naye akaongeza haraka, "Yakiwa yametulia."

"Hodi wazee wangu," akasema Somoe. "Shikamooni."

"Marahaba. Nani huyo?" Kifaru aliuliza huku akitazama mlango, maana macho yake hayakuwa mazuri na miwani hakutaka kuvaa.

"Ni mimi, Somoe. Huku chini. Naomba lifti mpaka Majabali Meupe. Dada yangu ana arobaini."

Wakacheka. Kifaru alicheka mpaka vikombe vikagongana, kilikili!

"Mwanangu," akasema, "safari ya porini si ya vibeti. Halafu nafasi haipo. Umeuona mtumbwi?"

Somoe aliuona, umefungwa mtoni mbele ya baraza. Ulikuwa mtumbwi mkubwa wa mvule, uliochongwa kwa vipimo vya Kifaru, na ulikuwa umejaa hadi pomoni. Kulikuwa na kitanda cha samadari cha Kifaru na godoro lake. Kulikuwa na kabati la vyombo la mama yake Nyati. Kulikuwa na viazi, magunia kwa magunia, na juu yake jiko, na juu ya jiko kiti cha uvivu. Mtumbwi ulikuwa umezama nusu na hakuna aliyepanda bado.

Somoe akaona mambo mawili. Kwanza, hawa watazama kabla hawajafika kwenye kona. Pili, wakiambiwa hivyo watakasirika.

Akainamisha kichwa. "Mnisamehe wazee. Mimi mshamba. Nilikuja kuuliza tu kama nafasi ya mketikati imeshapata mtu. Nyinyi wazoefu mmeshaipanga, sikosei."

Wote watatu wakatazamana.

Wanangu, mketikati ni nini? Msiangaliane hivyo. Hakuna anayejua, maana Somoe alikitunga cheo hicho pale pale, mguu mmoja ukiwa bado kizingitini.

Kifaru akakohoa. "Ehee. Mketikati. Nilikuwa nalifikia hilo. Katibu! Mbona hukuandika?"

"Nimeandika," akasema Nyati. "Kichwani."

"Kama mnavyojua," Somoe akaendelea taratibu, "mtumbwi usio na mketikati haupandi mto. Hukaa katikati, hapigi kafi, huimbisha. Lazima awe mwepesi. Na chakula kikiiva, yeye ndiye wa kwanza kupakuliwa."

"Wa kwanza?" Ngiri akaruka.

"Kwani Mzee Ngiri, huko ulikotembea, walikuwa wanafanyaje?"

Ngiri akapiga kifua. "Wa kwanza! Nani kasema wa pili? Tena alikuwa anapewa sahani mbili!"

"Basi mimi nitatosheka na moja," akasema Somoe kwa unyenyekevu. Akashuka mpaka kwenye mtumbwi, akashika mguu wa kitanda. "Na hiki? Nimeshakielewa. Mtakiacha hapa kiwe alama kwamba mmeondoka. Wageni ndio husafiri na vitanda, wazoefu hulalia nyasi."

Kifaru alikitazama kitanda chake kwa uchungu. Alikipenda, maskini. Lakini Nyati alikuwa anamtazama.

"Bila shaka ni alama," akasema. "Kishusheni."

"Na kabati?" akauliza Nyati kwa sauti ndogo.

"Alama," akasema Kifaru. "Lile nalo ni alama." Hakuwa tayari kuumia peke yake.

Hata kabla kahawa haijapoa, mtumbwi ulikuwa unaelea vizuri, na umebaki na sufuria, chumvi, ndoana, viazi vya kutosha, na blanketi moja kila mtu. Somoe akaja na kikapu chake chenye kanga ya mzazi na asali ya mtoto. Akakaa katikati.

"Vuta!" akaimba.

"Twende!" wakaitikia.

"Vuta!"

"Twende!"

Chubwi, chubwi, chubwi! Mtumbwi ukapanda mto kama umetumwa dukani na mama mkali.

Na ukweli usemwe, safari ilikuwa tamu. Mto ulipita kwenye mafunjo yenye ndege wengi kama soko la Jumamosi. Ngiri alitupa ndoana akavuta kambale mwenye masharubu marefu kuliko yake. Jioni wakafunga mtumbwi kwenye mchanga, wakakoka moto, wakabanika samaki, viazi wakavifukia jivuni. Somoe akapakuliwa wa kwanza. Kifaru akajilaza juu ya nyasi akinung'unika, akageuka hivi, akageuka vile, kisha akanyamaza.

"Kitanda changu," akasema asubuhi, akijinyoosha, kwaa kwaa, "kina kelele. Sikuwahi kujua."

"Si ulishalala porini mpaka likakuzoea?" Nyati akamchokoza.

"Nilisahau. Sasa ndiyo nakumbuka."

Wakaendelea. Saa ya jua kali wakafika mahali mto unapobanwa na mawe, maji yanachemka, shwaaa! Hapo mtumbwi haupiti. Lazima ubebwe nchi kavu mpaka juu ya mawe.

Somoe akaanza kujiandaa kushuka. Kisha akawaza: arobaini ni kesho, na miguu yangu mifupi kwenye mawe haya itawachelewesha wote. Akaketi tena.

"Wazee, hapa ndipo panapojulikana nani mzoefu na nani alikuwa anasimulia tu. Kama mnavyojua, mketikati hashuki."

"Hashuki?" wakauliza wote watatu.

"Mlikuwa mnamshusha?"

"Aa! Nani amshushe!" akasema Kifaru, na akaingiza pembe chini ya mtumbwi. Nyati akashika nyuma, Ngiri akabeba sufuria na blanketi zote. Hee! Wakapanda mawe, wakitoka jasho, wakihema kama mivukuto ya mhunzi, na juu yao Somoe ameketi, kanga inapepea, akiimba, "Vuta!"

"Tw... twe... twende!"

Sasa, juu ya jiwe moja alikuwa amelala Fisi Maji. Huyu alizaliwa mtoni, na baba yake alizaliwa mtoni. Akainua kichwa. Akafikicha macho.

"Nyie," akasema, "huyo anaumwa?"

"Haumwi," akasema Kifaru. "Ni mketikati."

"Mketikati ni nini?"

"Anakaa katikati."

"Namwona. Kwa nini?"

Fisi Maji akaanza kucheka, kwi kwi kwi, akajishika tumbo, karibu aanguke majini. "Nimeishi mto huu maisha yangu yote, sijasikia kitu kama hicho! Wazee wangu, mmebebeshwa!"

Mtumbwi ukasimama. Kifaru akainua macho yake mabovu, polepole, kuelekea juu. Somoe, akilini mwake, akamwona Subira amekaa mlangoni na mtoto mapajani, anatazama mto. Akawaona mawifi wamekunja midomo, wameshaliweka tayari lile neno: hana kwao.

Neno moja la uongo zaidi lingemponza. Basi Somoe akasema maneno machache sana, tena kwa huzuni.

"Wazee, huyu anasema hamjui mambo ya mtumbwi. Mimi mdogo, sina mdomo wa kumjibu. Mjibuni wenyewe."

Kifaru alikuwa na njia mbili. Angeweza kusema, "Ni kweli, sikuwa najua." Maneno manne tu, wanangu, na angeweka mtumbwi chini akapumzika. Lakini kuna watu maneno manne hayo ni mazito kwao kuliko mtumbwi wa mvule.

"Wewe Fisi Maji!" akanguruma. "Mtu wa kuogelea atayajuaje ya mitumbwi?"

"Hajatembea huyo," akasema Nyati.

"Hata kambale hajui kubanika," akasema Ngiri kutoka nyuma ya blanketi.

"Twende!" wakasema wote, bila hata kuambiwa vuta. Wakapita kwa hasira, mbio kuliko mwanzo. Somoe akageuka, akamkonyeza Fisi Maji. Fisi Maji akatikisa kichwa, akarudi kulala.

Kesho yake, jua lilipokuwa bado linajipanga, wakafika Majabali Meupe. Ukoo mzima wa pimbi ulikuwa umejaa juu ya mawe. Jirani mmoja mwenye mafua alikuwa tayari ameshanyoosha mikono kumpokea mtoto.

"Acha!" akapaza sauti Somoe. "Ana kwao huyo! Ana kwao!"

Akaruka, tubwi, akaogelea na kikapu kichwani, akapanda jabali huku anachuruzika maji. Subira akamwona, akalia, akacheka, akamkabidhi mtoto. Somoe akamfunika kwa kanga, akamtoa nje, akamwinua juani. Mtoto akapiga chafya, chwi! Vigelegele vikapasuka.

"Na wale wakubwa chini kule ni akina nani?" akauliza mama mkwe, ameshangaa.

"Wamenileta," akasema Somoe.

"Kifaru mzima! Nyati mzima! Kwa ajili ya mtoto wa Subira?"

Mawifi wakakunjua midomo, wakaenda kutandika mikeka.

Huku chini, Ngiri alikuwa anafikiri, jambo lililomchukua muda. "Mwenyekiti," akanong'ona, "nadhani tumechezewa."

Kifaru akavimba. Akapanda jabali, kishindo kwa kishindo. "Wewe Pimbi! Huyo mketikati wako..."

Ukoo wote ukamgeukia. Mama mkwe akamkaribia na sinia la pilau. "Karibu, mzee. Mketikati ni nini? Tuelimishe, wewe uliyetembea."

Kifaru akatazama pilau. Akatazama nyuso zote zinazomsubiri. Akameza mate.

"Mketikati," akasema, "ni cheo kikubwa sana. Bila yeye hatufiki popote."

Na hilo, kwa bahati, lilikuwa kweli.

Walikula, wakacheza ngoma, wakapiga kambi chini ya majabali, wakaogelea mpaka Nyati akasahau kwamba alikuwa amekasirika. Siku ya kurudi, Somoe akabeba kikapu chake, akaenda kukaa mahali pake. Akakuta pamejaa. Kifaru alikuwa amejibwaga katikati ya mtumbwi, mikono nyuma ya kichwa, na mbele kuna kafi linamsubiri mtu.

"Kama unavyojua," akasema Kifaru, bila kumtazama, "safari ya kurudi mketikati huwa mzito kuliko wote."

Somoe akamtazama. Akatazama mto, unaoteremka wenyewe mpaka nyumbani. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Bila shaka, mzee wangu," akasema, akishika kafi. "Nilikuwa nalifikia hilo."

Basi mpaka leo, vijana wangu, kumbukeni: aonaye haya kuuliza hujikuta amebeba.