Buibui Aliyeitikia Hodi

Kaeni chini, msikilize. Wewe huko nyuma, tafuna kimyakimya. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani, zamani zile za kale, mlima ulitapika moto. Gudu! Gudu! Ulipopoa, chini kote jiwe. Jiwe jeusi, jiwe tupu. Hakuna jani, hakuna hata nzi wa kumtukana.

Upepo ukamtupa Buibui pale, ananing'inia kwenye uzi wake, tumbo limejaa mayai.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Basi akajijibu, "Karibu, mama." Akawa mwenyeji.

Akataga juu ya jiwe. Jua likatoka, jiwe likawa kikaango. Mayai yote yakaungua. Buibui akalia, akalia, halafu akatega utando.

Upepo ukamleta Nzi. "Hodi!"

"Karibu, shemeji. Pita ndani."

Kacha! Mabawa akayatupa ufani, kwenye ufa wa jiwe.

Upepo ukamleta Kumbikumbi. "Hodi! Dada, hapa mnakula nini?"

"Wageni."

Kacha! Mabawa ufani.

Wakaja, wakaliwa. Wakaja, wakaliwa. Mabawa yakaoza, yakachanganyika na vumbi. Ufa ukapata udongo, kama kiganja tu. Mbegu ikadondoka. Nyasi ikachomoza. Chini ya nyasi, kwenye kivuli, Buibui akataga tena. Safari hii mayai yakatulia.

Lakini nyasi ikiota, habari zinafika mbali. Siku moja, kwaru, kwaru, kwaru.

"Hodi!" Mjusi huyo.

Buibui kimya.

"Oya, mwenyeji! Usipoitika najikaribisha. Nitapekua hiyo nyasi mpaka mzizi!"

Buibui akayatazama mayai yake. Akatoka mbio, mbio, mpaka kule jiweni, peupe kabisa. Ndipo akaitika:

"Karibu, baba! Niko huku!"

Mjusi akamfuata, ulimi nje. "Hapa mnakula nini, mama?"

"Tulikuwa tunakula wageni. Leo mgeni ale."

Kacha! Miguu akaitema, akaenda zake ameshiba. Upepo ukaisukuma mpaka ufani.

Watoto wakaanguliwa, wakamkuta mama ni udongo. Nyasi ikatambaa, vichaka vikafuata, mwisho msitu. Wakaja nyani, wakaja nguruwe, wanakanyaga tu. Hodi hawapigi.

Funzo ndilo hilo: hakuna udongo wa bure. Unapokanyaga, kuna aliyelala.

Hadithi yangu nimeiokota jiweni, naiacha ufani, imeishia humo. Lakini Mjusi sasa yuko mlangoni kwako, anapiga hodi, na wanao wamelala ndani. Wewe ungeitika?