Aliyemrudishia Bi. Chausiku Hamu ya Kula

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, Muheza palikuwa na mama aitwaye Bi. Chausiku. Mumewe, Mzee Kombo, alifariki. Mama akakaa eda, akatoka eda, lakini hamu ya kula haikurudi. Asubuhi chai kavu. Mchana tonge moja, pengine nusu. Jioni anasema ameshiba. Nguo zikaanza kumpwaya, na majirani wakaanza kuulizana.

Alikuwa na watoto watatu. Kifungua mimba ni Hemedi, mwenye nyumba kubwa Dodoma. Wa pili ni Mwanahawa wa Handeni, mama wa pacha. Kitinda mimba ni Sefu, dereva wa malori ya safari ndefu. Leo yuko Lusaka, kesho Lubumbashi, na mkewe Rukia anabaki peke yake Morogoro.

Hemedi akaja, akasema, "Mama, hamia kwangu." Mwanahawa akaja, akasema, "Mama, hamia kwangu." Rukia naye akaja, akafua, akapika, akafagia, akaondoka. Yeye ni mkaza mwana, aliona si mahali pake kusema.

Bi. Chausiku akachoka kuvutwa huku na huku. Akawaambia wote, "Mimi sichagui mtoto. Atakayenirudishia hamu ya kula, kwake ndiko nitakakohamia. Basi, niacheni nipumzike."

Hemedi akafikiri, kisha akamwambia, "Mama, jiandae. Twende Dar es Salaam tukawasalimie jamaa." Akamchukua mama, akamchukua Mwanahawa na pacha wake, wakampitia Rukia pia.

Lakini jamaa hawakuwepo. Gari liliingia kwenye hoteli moja kubwa nje ya mji, yenye bustani ya michezo ndani ya uzio wake: bembea zinazozunguka juu, treni zinazopanda na kuporomoka, watoto wanapiga kelele kila upande. Katikati ya hoteli kuna ukumbi wa vyakula, mpana kama soko. Vibanda vimeuzunguka pande zote, kila kibanda na wapishi wake na harufu yake. Unashika trei, unachagua unachotaka, unakaa unapotaka.

"Jamaa wenyewe wako wapi?" akauliza Bi. Chausiku.

"Nimekudanganya, mama," akasema Hemedi. "Ningekwambia tunakuja kula, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Ndiyo maana."

Hemedi akaenda kibanda cha kwanza, akaleta wali wa nazi na kuku wa kupaka. Mama akaonja, akaweka kijiko chini. Akaenda kibanda cha pili, akaleta samaki wa kukaanga. Mama akaonja, akaweka kijiko chini. Akaenda cha tatu, akaleta ndizi na nyama. Mama akaonja, akaweka kijiko chini.

"Wapishi hawana kosa," akasema kwa upole, "ila haviteremki."

Mwanahawa akainuka. "Kaka, unamlisha mtu asiye na njaa. Mama, twende nje. Wajukuu zako wanaogopa kupanda treni bila bibi yao."

Uongo mtupu. Pacha walikuwa wameshapanga foleni, wanarukaruka. Lakini bibi akaenda, akafungwa mkanda katikati yao. Treni ikapanda polepole, ikasimama kileleni, ikaporomoka. Bi. Chausiku akamwita Mungu, akamwita Kombo, kiatu kimoja kikamtoka kikaenda zake. Mara akaanza kucheka. Alicheka mpaka treni ikasimama, na hata iliposimama aliendelea kucheka. Tangu msibani hakuna aliyewahi kukisikia kicheko hicho.

Alishuka. "Mwanahawa," akasema, "tumbo langu limenguruma! Umelisikia?"

Wakarudi mbio ukumbini, mama na kiatu kimoja. Hemedi akaleta tena wali wa nazi. Mama akaonja. Akaweka kijiko chini. Njaa ilikuwapo sasa, lakini hamu bado.

Rukia alikuwa ameachwa pale mezani kulinda mikoba. Naye njaa ilimshika, akajichukulia chakula kwenye kibanda cha pembeni: bakuli la tambi ndefu zenye supu, karanga za kusagwa, majani ya giligilani na pilipili nyingi. Alikuwa anakula huku anavuta kamasi, hana habari na mtu.

"Hicho ni nini?" akauliza Bi. Chausiku.

"Jina lake silijui, mama. Nimenyoosha kidole tu."

"Kitamu?"

"Kitamu, ila kinawasha. Hutakiweza, mama."

"Nani kakwambia sikiwezi?"

Akalivuta bakuli. Uma ukamshinda, tambi zikateleza, akatumia mkono. Akala. Machozi yakamtoka, akasema ni ya pilipili. Akala mpaka chini, akanywa na supu, kisha akasukuma bakuli mbele. "Hebu kaniletee jingine."

Watoto wakatazamana. Mama akajifuta midomo kwa mtandio, akasema, "Kila ninachokipika, Kombo yumo. Wali wa nazi yumo, samaki yumo. Hiki hakuwahi kukila. Hiki ni changu mwenyewe."

Wakalala hapo hotelini, na asubuhi iliyofuata, katika ukumbi uleule, aliomba wali wa nazi. Akaula, akasimulia jinsi Kombo alivyokuwa akigombea ukoko, na kijiko hakukiweka chini. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Hemedi akasema, "Isingekuwa mimi, mama angekuwa Muheza na chai kavu. Anakuja kwangu."

Mwanahawa akasema, "Ulivyomletea wewe vyote alivirudisha. Isingekuwa mimi, tumbo lisingenguruma. Anakuja kwangu."

Wote wakamgeukia Rukia. "Mimi sidai," akasema. "Nilikuwa nakula chakula changu."

"Tena ulimkataza, wifi!" akasema Mwanahawa.

Bi. Chausiku akamtazama mkaza mwanawe. "Lakini ungependa nije?"

Rukia akainama. "Mama, nyumba yangu ni kimya mpaka friji nalisikia likipumua. Ningependa sana. Lakini sikufanya lolote."

"Bakuli lilikuwa la nani?"

"Langu."

"Nilipolichukua, ulilivuta?"

"Hapana, mama. Nilikuachia."

Ahadi Bi. Chausiku alikuwa ameitoa mwenyewe, na alikusudia kuitimiza. Akavuta sahani ya vitumbua, akachukua kimoja, akakitazama kwa raha, akakiuma. Watoto wake wakamsubiri amalize.

Haya, nanyi mnaonisikiliza, semeni kabla hajanawa mikono. Yuko aliyemleta, yuko aliyemtia njaa, yuko aliyemwachia bakuli. Je, ni nani kati yao anayestahili kurudi nyumbani na Bi. Chausiku?