Taa Nyekundu ya Mama Mboni

"Asiyengoja taa hungoja fundi." Mmeisikia leo kwa muuza vocha, mkacheka, mkadhani ni maneno ya mafundi wanaojitafutia wateja. Sivyo. Kaeni niwaambie ilikotoka, na mnisamehe nikipandisha sauti, maana jambo hili kila nikilikumbuka linanichoma.

Ilitoka kwenye nyumba ya Mama Mboni, kule Muheza, karibu na reli. Mama Mboni alikuwa mjane, na alimtunza mama mkwe wake, Bibi Nakunda, aliyekuwa ameishiwa nguvu za miguu na macho yake yakiona vitu vikubwa tu. Mboni, mjukuu wa bibi huyo, alikuwa amechaguliwa timu ya taifa ya wasichana. Siku hiyo, saa kumi na nusu, angeonekana kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Bibi hakuwahi kumwona akicheza. Tangu asubuhi alikuwa amejifunga kanga mpya, anauliza saa.

Siku mbili nyuma, televisheni ilikuwa inapakua programu mpya, umeme ukakatika katikati. Uliporudi, ikawa inaonyesha nembo tu, inazima, inaonyesha nembo tena. Mama Mboni akamwita fundi Kiondo, naye akaja na flashi yenye programu ya televisheni ya aina ileile. Akaichomeka nyuma, akashikilia kitufe cha kuwashia mpaka taa nyekundu chini ya kioo ikaanza kupepesa.

"Kioo kitakuwa cheusi, Mama Mboni, usiogope," akasema. "Inaandika programu upya, kama robo saa hivi. Taa ikitulia, kazi imekwisha. Kabla ya hapo asiguse mtu yeyote."

Kisha akaenda msikitini kuswali alasiri. Mama Mboni na jirani yake wakambeba Bibi, wakamkalisha kwenye godoro mbele ya televisheni. Mama Mboni akasimama kando, macho kwenye taa.

Ndipo akaingia Mzee Semboja. Huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi Nakunda, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Mama Mboni. Televisheni alinunua yeye, na siku haikupita bila kulisema hilo. Tena alikuwa na ugonjwa ambao mji wetu mzima unao: kitu kikigoma, chomoa, chomeka. King'amuzi kikiganda, chomoa, chomeka. Friji ikinguruma, chomoa, chomeka. Mara nyingi hukubali, na aliyechomoa huitwa mtaalamu.

"Mbona giza? Mechi inaanza sasa hivi!"

"Shemeji, fundi kaenda kuswali, kasema tungoje taa itulie. Zimebaki dakika chache."

"Fundi gani? Huyo kaiua, kaona aibu, kakimbilia msikitini."

"Nakuomba usiiguse, shemeji."

"Utanifundisha televisheni niliyoinunua mwenyewe?"

Mama Mboni akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amelelewa kwamba mwanamke habishani na kaka wa mumewe, na adabu hiyo ikamshika mikono wakati Semboja hakushikwa na chochote. Hasira ilimpanda, naye akaimeza. Semboja akang'oa flashi, akachomoa waya ukutani, akahesabu mpaka tatu, akachomeka.

Taa haikuwaka. Akachomoa tena, akachomeka tena. Hakukuwa na nembo wala taa.

Kiondo aliporudi, aliikuta flashi juu ya meza. Aliitazama, akawatazama wote. "Nani?" akauliza. Akashikilia kitufe cha kuwashia, taa haikuwaka. "Basi sasa imekufa kweli. Itabidi niiondoe ukutani, niifungue, niupeleke ubao wake wa ndani Tanga kwa mwenye mashine ya kuuandikia programu upya. Wiki mbili, labda tatu."

Mara kelele zikalipuka kijiwe cha bodaboda, ng'ambo ya reli. Watu walikuwa wanaimba, "Mboni! Mboni!"

"Wanamwita mjukuu wangu," akasema Bibi. "Kafanya nini?"

Hapo Mama Mboni akashindwa kumeza tena.

"Kafunga goli, mama! Kafunga, na wewe hukumwona, kwa sababu ya mwanao huyu! Semboja, dakika chache zilikushinda? Nilikuomba! Nilikuita shemeji, nikakuomba, na wewe ukaona heri uitwe mtaalamu!"

Lilikuwa jina lake tupu, bila shemeji, na hakuna aliyemkemea. Semboja akamgeukia Kiondo kwa sauti ndogo. "Utairudisha lini hasa?"

Aliyejibu ni mama yake. "Unauliza nini, Semboja? Taa hukuingoja. Sasa mngoje fundi. Na umngojee hapahapa, mbele yangu, kila siku saa kumi na nusu."

Akamngoja siku kumi na tisa. Kila jioni alikaa mkekani kando ya mama yake, wote wawili wakitazama ukuta uliobaki na misumari. Wapita njia walichungulia dirishani na kuuliza anangoja nini, na majirani wakajibu badala yake, mpaka jibu lao likawa methali.

Siku ya ishirini Kiondo akairudisha, ikawaka vizuri kabisa. Bibi Nakunda akajivuta mkekani mpaka karibu nayo, akamwuliza fundi, "Na goli la Mboni, limo humu?"

Semboja akatoka nje.

Asiyengoja taa hungoja fundi.