Mkurugenzi Asiyetaka Kupitwa

Palikuwa na mkurugenzi mmoja, Bwana Shemndolwa, mwenye shule yake ndogo ya kulipia huko milimani Usambara. Shule yake, basi lake, hata kengele ilichorwa jina lake. Kilichobaki bila jina ni uwanja wa michezo. Akatangaza kwamba siku ya michezo, atakayeshinda mbio za watumishi ndiye atakayeupa uwanja jina. Watu wakapiga makofi. Asubuhi ya siku yenyewe akawaita watumishi wote jikoni, akafunga mlango.

"Nami nitakimbia," akasema. "Atakayekata utepe kabla yangu, Jumatatu asije kazini."

Dereva akatazama viatu vyake. Mlinzi naye akatazama viatu vya dereva. Aliyeinua mkono ni Zawena, matroni wa bweni la wasichana.

Zawena alikuwa na lake moyoni kuhusu uwanja ule. Marehemu mumewe, Mwalimu Mbelwa, Mwenyezi Mungu amrehemu, ndiye aliyeufungua. Palikuwa pori la visiki, na kichuguu kirefu kuliko mlango. Kila jioni baada ya vipindi alishika jembe, akang'oa kisiki baada ya kisiki, mpaka wasichana wakapata pa kuchezea netiboli. Mwaka jana aliugua, akaenda zake. Tangu hapo Zawena alimwomba Mungu jambo moja tu katika sala zake: watoto wanaocheza pale wawe wanalitaja jina la mumewe.

"Mkurugenzi," akasema, "nimepita kwenye ubao wa habari. Habari za michezo ya leo zimeshabandikwa. Zinasema umeshinda kwa kuwaacha wenzako mbali sana. Sasa kwa nini tujichoshe?"

"Kwa sababu mgeni rasmi amekuja kuona mbio, matroni."

"Haya. Na ukichoka njiani?"

"Mimi sichoki."

"Inshallah. Lakini ukichoka?"

"Mtanisubiri."

"Hata pilau ikipoa?"

"Hata ikioza. Hakuna kukata utepe kabla yangu. Umeelewa, au nikuchoree?"

"Nimeelewa, Mkurugenzi. Wote tumeelewa."

Walipotoka, mlinzi akamvuta pembeni. "Dada Zawena, sasa tufanyeje?"

"Tutii," akasema. "Ila tutii kwelikweli."

Basi wanafunzi wakakimbia mbio zao, wakaruka, wakavuta kamba. Ikafika zamu ya watumishi, kuzunguka uwanja mara mbili. Mkurugenzi akatokea na traksuti nyeupe, bado ina mikunjo ya dukani. Filimbi ikalia. Akachomoka kama mwizi wa kuku, tumbo mbele, yeye nyuma. Kona ya kwanza akashangiliwa. Kona ya pili akawa anatembea. Kona ya tatu akakaa chini kwenye nyasi, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Watumishi wakampita mmoja mmoja, kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Mara... mara..." Pumzi ya kumalizia marahaba haikuwepo.

Wakazunguka tena, wakamkuta palepale, wakamwamkia tena. Kisha wakafika kwenye utepe, Zawena mbele, wakasimama. Hatua moja tu imebaki. Wakapanga mstari, wakaweka mikono nyuma, kama watoto wanaosubiri uji.

Mwalimu wa michezo alikuwa anatangaza kwenye kipaza sauti. "Watumishi wamefika," akasema. "Watumishi wamesimama. Ndugu wazazi, bado wamesimama."

Mgeni rasmi akateremka jukwaani. "Mama, mbona hukati utepe?"

"Tunamsubiri Mkurugenzi, mheshimiwa. Ametuagiza."

"Amewaagiza nini?"

Mwalimu wa michezo akasogeza kipaza sauti, maana naye alitaka kusikia vizuri.

"Asikate mtu kabla yake," Zawena akasema, na uwanja mzima ukasikia. "Atakayekata, Jumatatu hana kazi."

Sauti ikatoka kule kona ya tatu. "Uongo huo!"

"Alhamdulillahi," Zawena akajibu. "Basi tukate?"

"Msikate!"

Wazazi wakacheka mpaka viti vikalalamika. Jua likawaka. Harufu ya pilau ikapita, ikarudi, ikapita tena. Mgeni rasmi akatazama saa yake.

"Mkurugenzi," akaita, "nina safari. Kama mbio hizi haziishi, naondoka, na huko niendako nitaeleza nilichokiona."

Mkurugenzi akajaribu kuinuka. Akakaa tena. "Pita, matroni," akasema. "Pita."

"Nipite wapi, Mkurugenzi?"

"Kata utepe."

"Na Jumatatu?"

"Njoo kazini."

"Na wenzangu?"

"Njooni wote, na mnitoe hapa juani."

"Mheshimiwa, umesikia?"

"Nimesikia, mama. Hata wa ng'ambo ya bonde wamesikia."

"Bismillahi," akasema Zawena, akapiga hatua moja. Utepe ukakatika. Wasichana wa netiboli wakapiga vigelegele.

Mkurugenzi akaletwa, dereva huku, mlinzi kule. Mgeni rasmi akamuuliza Zawena, "Haya mshindi, uwanja huu unauitaje?"

"Uwanja wa Mwalimu Mbelwa."

"Haiwezekani," Mkurugenzi akasema, huku anahema. "Uwanja ni wa mwanamichezo, mtu wa mbio. Mbelwa ni marehemu. Leo amekimbia hapa saa ngapi?"

Zawena akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, taratibu, bila haraka.

"Hakukimbia, Mkurugenzi. Amelala pale makaburini, hajanyanyua hata unyayo. Na bado amekupita."